Tikiti lisilo na mbegu: GMO ni nini hasa, na kwa nini tunachokijua hubadili tunachokila

Jumamosi moja asubuhi, sokoni Mwanga hapa Kigoma, mama mmoja muuza matikiti alikuwa amelipasua moja katikati ili wateja wauone wekundu wake. Ndani hamkuwa na zile mbegu nyeusi tulizozoea kuzitema. Vilikuwamo vijipunje vyeupe, laini, vinavyolika. Mzee aliyesimama kando yangu akaliinamia, akatikisa kichwa.

"Mama, hili ni GMO. Tunda lisilo na mbegu, utalipandaje?"

Mama akaapa kwamba limetoka kwa mkulima anayemjua kwa sura na kwa jina. Mzee hakutaka kusikia. Akavuka njia, akaingia duka la pili, akapimiwa nusu lita ya mafuta ya kupikia kutoka kwenye dumu la njano ambalo halikuandikwa limetoka nchi gani wala mafuta yake yamekamuliwa kwenye zao gani. Akalipa, akaenda zake.

Simcheki yule mzee. Nyumbani kwangu lilikuwapo galoni la mafuta kama hayohayo. Lakini lile tikiti alilolikataa si GMO kwa namna yoyote ile. Na yale mafuta, kama yalikuwa ya soya kutoka bara la Amerika, ndiyo yaliyokaribia kuwa na uhusiano na GMO kuliko kitu kingine chochote pale sokoni. Alikikataa kisicho, akakibeba ambacho huenda ndicho, na mara zote mbili aliamini kwamba anajilinda.

Tangu Kenya ilipotangaza, Oktoba 2022, kuondoa marufuku ya vyakula vya GMO iliyokuwa imedumu kwa miaka kumi, neno hili limezagaa hata huku kwetu: kwenye vijiwe vya kahawa Ujiji, kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ndani ya mabasi ya Kasulu. Kuku akikua upesi, GMO. Nyanya ikikaa wiki mbili bila kulainika, GMO. Parachichi likiwa kubwa kama kichwa cha mtoto, GMO. Limekuwa kapu la kutupia kila kitu cha kisasa kisichoeleweka. Shida ya kapu la namna hiyo ni kwamba ukilibeba huwezi kukataa vizuri wala kukubali vizuri, maana hujui kilichomo.

Daftari la fundi

Mfikirie fundi cherehani. Ana daftari lake la vipimo na michoro: kola hivi, mkono hivi, mfuko ukae hapa. Akipotea yeye, fundi mwingine akilipata daftari anaweza kushona nguo ileile.

Kila kiumbe hai kina daftari la namna hiyo. Muhogo unalo, mgebuka analo, mbuzi analo, wewe unalo, na nakala yake imo karibu katika kila chembe ndogo ya mwili. Daftari zima ndilo vinasaba, lile neno tunalolisikia polisi wanapozungumzia vipimo vya vinasaba. Ukurasa mmoja wenye maelekezo ya kitu kimoja, tuseme rangi ya punje au unene wa ganda, ndio jeni.

Binadamu amelichezea daftari la mimea tangu alipoanza kulima. Njia ya kwanza na ya zamani kuliko zote ni kuchagua: unaweka gunzi nono kwa ajili ya mbegu, dogo unakula. Wakulima wa Meksiko walianza hivyo miaka elfu tisa hivi iliyopita kwa nyasi yenye punje chache ngumu, na mwisho wake ni mahindi haya tunayochoma barabarani. Njia ya pili ni kuchanganya: unachukua chavua ya mmea huu na kuupelekea ule, wa jamii moja au jamii za karibu, na mtoto anayezaliwa tunamwita chotara. Hapo madaftari mawili mazima yamechanganywa kurasa zake.

Njia ya tatu ndiyo GMO. Mtaalamu maabara ananakili ukurasa mmoja au michache kutoka daftari la kiumbe kimoja, mara nyingi kiumbe wa mbali kabisa kama bakteria wa udongoni, na kuubandika ndani ya daftari la mmea. Kwa Kiswahili kirefu tunasema viumbe vilivyobadilishwa vinasaba. Siku hizi ipo na njia ya nne, uhariri wa jeni, ambapo haubandikwi ukurasa wa mgeni bali hufutwa au kurekebishwa herufi chache katika ukurasa uliokuwapo. Nchi mbalimbali bado zinabishana iwapo hiyo nayo iitwe GMO, tuiache.

Kumbe, basi, swali la kujiuliza mbele ya meza ya sokoni halihusu ukubwa, wala mbegu, wala kukawia kuoza. Swali ni moja: je, kuna ukurasa uliobandikwa?

Mchikichi unajua zaidi

Sisi wa Kigoma tuna mwalimu wa jambo hili uwani mwetu. Michikichi ya zamani, ile waliyotuachia mababu, mingi ni aina ya Dura: kokwa yake ina ganda nene, nyama ya kukamua mafuta ni kidogo. Ipo aina nyingine, Pisifera, ambayo kokwa yake haina ganda kabisa. Ungedhani hiyo ndiyo dawa, lakini miti yake mingi haishiki matunda. Hutoa maua yanayoanguka. Ukizichanganya hizo mbili unapata Tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi. Hiyo ndiyo mbegu bora inayogawiwa mkoani kwetu, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kimeizalisha kwa wingi tangu 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolivalia njuga zao la mchikichi.

Siri ya ganda iligunduliwa ng'ambo tu ya ziwa letu. Mwaka 1941, watafiti wawili wa Kibelgiji, Beirnaert na Vanderweyen, waliokuwa kituo cha Yangambi huko Kongo, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba unene wa ganda unaongozwa na jeni moja. Mti wenye nakala mbili za "ganda nene" ni Dura. Usio na hata moja ni Pisifera. Wenye moja kutoka kwa mama na kukosa ya pili kutoka kwa baba ni Tenera. Hakuna maabara ya kukata na kubandika hapo. Wakati huo hakuna aliyejua hata umbo la vinasaba lilivyo.

Sasa sikiliza malalamiko ambayo nimeyasikia kwa wakulima zaidi ya mmoja: "Mbegu hizi mpya zina hila. Nimeokota kokwa chini ya mti ule mzuri, nimeziotesha, mingine inazaa ganda nene kama ya babu, mingine haizai kabisa. Hiyo ni GMO, wametufunga tununue kila mwaka."

Hakudanganya, alichokiona ni cha kweli. Maelezo ndiyo yaliyokosekana. Tenera ikichavushwa na Tenera mwenziwe, jeni zile zinagawanyika upya kama karata. Katika miche minne, kwa wastani, mmoja unarudi kuwa Dura, miwili inakuwa Tenera, na mmoja unakuwa Pisifera, yule asiyeshika matunda. Ukipanda kokwa mia za kuokota, robo ya shamba lako itakuwa miti ya kivuli. Ndiyo maana miche hununuliwa au hupewa kutoka kituoni, ambako Dura na Pisifera huchavushwa kwa mkono chini ya ulinzi.

Mahindi chotara ya dukani hufanya vivyohivyo. Mwaka wa kwanza shamba linapendeza, mwaka wa pili ukipanda punje ulizovuna unaona mimea mirefu kwa mifupi na magunzi yasiyolingana. Wengi wanaamini mbegu hizo "zimehasiwa". Hazikuhasiwa, zinaota vizuri tu, ila zimetawanya walichounganisha wazalishaji. Mbegu ya kuhasiwa kweli, ile ambayo kizazi chake hakioti kabisa, iliwahi kuandikiwa hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, huko Marekani mwaka 1998, ikazua kelele dunia nzima, na haijawahi kuuzwa kwa mkulima yeyote.

Na lile tikiti? Hapo nikumbushe baghala, mtoto wa punda na farasi. Ana nguvu, ana afya, lakini hazai, kwa kuwa madaftari ya wazazi wake hayalingani idadi ya kurasa. Tikiti lisilo na mbegu ni baghala wa bustanini. Wataalamu huchukua mmea wenye seti nne za kurasa na kuuchanganya na wenye seti mbili. Mtoto anapata tatu, na tatu haigawanyiki kwa mbili, hivyo mbegu hazikomai. Wajapani walikuwa wameshaifanya kazi hiyo kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati hakuna aliyeota kuhusu GMO. Kuku wa nyama naye ni mtoto wa uchaguzi wa vizazi vingi pamoja na chakula kilichopimwa; hakuna nchi inayouza kuku wa nyama aliyebadilishwa vinasaba. Nyanya ngumu za siku hizi zimetokana na uchanganyaji wa kawaida. Hapa lakini uvumi una asili yake: nyanya ya kwanza ya GMO iliyouzwa Marekani, mwaka 1994, ilitengenezwa hasa ili isilainike upesi. Haikufanya vizuri sokoni, na baada ya miaka michache ikatoweka.

Kuna kinyume chake pia, kinachonifurahisha kila ninapokisimulia. Mwaka 2015 watafiti waliochunguza aina 291 za viazi vitamu vinavyolimwa duniani walikuta zote zina vipande vya vinasaba vya bakteria wa udongoni. Bakteria yule, Agrobacterium, ndiye huyohuyo wanayemtumia wataalamu maabara kubandika kurasa. Maelfu ya miaka iliyopita aliifanya kazi hiyo mwenyewe ndani ya kiazi, pasipo ruhusa ya mtu. Michembe ya Tabora na viazi vya kuchemsha vya bibi yako, kwa maana finyu ya neno, ni mazao yaliyobadilishwa vinasaba na asili yenyewe.

GMO za kweli ziko wapi

Duniani mazao ya GMO yaliyoenea ni machache kuliko watu wanavyodhani: mahindi, soya, pamba na kanola, zao la mbegu za mafuta, ndiyo karibu yote. Marekani, zaidi ya tisa ya kumi ya soya ni ya aina hiyo. Afrika Kusini imekuwa ikilima mahindi ya GMO kwa zaidi ya miaka 20 na wananchi wake wanayala kila siku. Nigeria imeruhusu kunde na mahindi.

Kurasa zinazobandikwa nyingi ni za kazi mbili. Moja huufanya mmea ustahimili dawa ya kuua magugu, mkulima apulizie shamba zima na yafe magugu tu. Ya pili inaitwa Bt, jina lililofupishwa kutoka kwa bakteria Bacillus thuringiensis. Bakteria huyu hutengeneza protini inayotoboa utumbo wa viwavi wa aina fulani. Wakulima wa Ufaransa walikuwa wakimpulizia kama dawa tangu 1938, na hata wanaolima bila kemikali za viwandani wanaruhusiwa kumtumia. Mahindi ya Bt yamepewa ukurasa wake, yanajitengenezea protini hiyo yenyewe. Mtu aliyewahi kuingia shambani baada ya viwavijeshi vamizi kutufikia mwaka 2017 ataelewa kwa nini jambo hilo linamvutia mkulima.

Swali la haki linafuata: kinachomuua kiwavi kitaniacha mimi? Protini ile ni ufunguo. Utumbo wa kiwavi ni wa magadi, na una makufuli yanayoingiana na ufunguo huo. Tumbo lako ni la tindikali, linaiyeyusha protini kama linavyoyeyusha maharage, na kuta zake hazina kufuli hilo. Sumu ni suala la nani anakula.

Kuhusu wale wanaohofia kwamba ukila jeni ngeni nazo zitakuingia mwilini: kila mlo wenye chembehai una jeni. Umekula migebuka tangu utotoni na hujaota mapezi.

Hofu ya saratani ina historia yake pia. Septemba 2012 timu ya Mfaransa Gilles-Éric Séralini ilichapisha picha za panya wenye uvimbe mkubwa, ikisema wamelishwa mahindi ya GMO. Picha zile bado zinazunguka kwenye simu zetu. Miezi miwili baadaye Kenya ikapiga marufuku. Ambalo halizunguki ni kwamba panya wa aina ile hupata uvimbe kwa wingi wakizeeka hata wakilishwa chakula cha kawaida, kwamba walikuwa wachache mno kwa kila kundi, na kwamba jarida lenyewe liliiondoa makala ile Novemba 2013, ingawa baadaye ilichapishwa tena kwingine. Mwaka 2016 akademia ya sayansi ya Marekani ilipitia tafiti zaidi ya 900 na haikupata ushahidi wa kuaminika kwamba vyakula vya GMO vilivyo sokoni vinadhuru afya kuliko vile vya kawaida.

Tafadhali usiigeuze sentensi hiyo kuwa "GMO zote ni salama". Kila ukurasa unaobandikwa una habari yake. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ilijaribu kuweka jeni ya karanga za Brazili ndani ya soya. Vipimo vikaonyesha, mwaka 1996, kwamba wenye mzio wa karanga zile wangedhurika, na soya ile haikufika sokoni. Mwaka 2000 huko Marekani mahindi yaliyoruhusiwa kwa mifugo tu yalikutwa kwenye chakula cha watu, yakaondolewa madukani kwa gharama kubwa. Mashambani nako, Afrika Kusini ilishuhudia funza wa mabua waliozoea Bt wakiendelea kula kama kawaida. Na Burkina Faso, iliyokuwa mfano wa kusifiwa barani kwa pamba ya GMO, iliiacha mwaka 2016. Hakuna aliyeugua, nyuzi za pamba zilikuwa fupi na bei ikashuka. Maswali ya nani anamiliki mbegu, nani anafaidika na chavua ikivuka mpaka wa shamba nani analipa, ni ya haki kabisa, na mtu anaweza kuikataa GMO kwa sababu hizo akiwa anajua vizuri sana anachokisema.

Anayejua, anayedhani anajua

Hapa ndipo panaponivutia zaidi. Ungefikiri mambo ni mepesi: wape watu elimu, watakubali. Au kwa upande wa pili: wape watu elimu, watakataa. Watafiti waliouliza hawakupata jibu jepesi.

Mwaka 2015 chuo kikuu kimoja cha jimbo la Oklahoma, Marekani, kiliwauliza watu kama serikali ilazimishe kuandikwa lebo kwenye vyakula vyenye vinasaba. Asilimia 80 na ushee wakasema ndiyo. Vyakula vyenye vinasaba ni karibu vyote: mchicha, nyama, samaki, maharage. Tusiwacheke. Nenda Kibirizi ukamuulize mtu kama nyanya ya kienyeji ina jeni, uone utajibiwa nini.

Mwaka 2019 timu ya Philip Fernbach wa Chuo Kikuu cha Colorado ilifanya jambo la werevu. Iliwapima watu wa Marekani, Ufaransa na Ujerumani kwa njia mbili. Kwanza iliwauliza: unajiona unajua kiasi gani kuhusu GMO? Kisha ikawapa mtihani wa sayansi ya kawaida. Kadiri mtu alivyoipinga GMO kwa ukali, ndivyo alivyojipa alama za juu za ujuzi, na ndivyo alama zake za mtihani zilivyoshuka. Yaani ziko elimu mbili: ile uliyonayo, na ile unayodhani unayo. Ya pili ndiyo inayofunga masikio.

Mwaka huohuo watafiti wengine waliwafundisha wanafunzi wa chuo, kwa wiki tano, namna GMO zinavyotengenezwa hasa. Hawakuwahubiria kwamba ni nzuri. Waliwaonyesha kazi inavyofanyika. Mwishoni wanafunzi walikuwa tayari zaidi kuzila na waliiona hatari yake kuwa ndogo kuliko mwanzo. Kilichosaidia kilikuwa ujuzi wa jambo hilihili, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na shahada ya uhasibu na bado akaogopa tikiti.

Na kuna la Vermont, ambalo naliona ndilo lenye funzo kwetu. Jimbo hilo dogo la Marekani lililazimisha lebo za GMO mwaka 2016. Kampuni zilipinga zikisema lebo itawatisha wateja kama alama ya fuvu kwenye chupa ya sumu. Watafiti walipolinganisha Vermont na majimbo mengine, upinzani wa watu wa Vermont ulikuwa umepungua kwa asilimia 19. Kilichokuwa kimefichwa kilipoandikwa waziwazi, hofu ilipoa.

Hizo ni nchi za watu, na Kigoma si Vermont. Lakini ukikaa kwenye kijiwe utaiona ile hali. Mtu anayekataa kabisa kujadili si yule asiyejua, asiyejua huuliza. Ni yule aliyeona video tatu. Na nyuma ya video kuna jambo zito zaidi ya sayansi, nalo ni imani: nani kaniambia, na mara ya mwisho aliponiambia kitu, je, kilikuwa kweli? Mama wa Buhigwe anayemwamini bwana shamba wake atajaribu mbegu mpya kwenye matuta mawili, aone inavyoota, apike, aonje ugali wake kama unashika mkononi. Akikuta amedanganywa mara moja tu, hata mbegu halali ya chotara ataiita GMO, na hapo neno litakuwa na maana moja: siwaamini.

Kwa sheria zetu, mambo yalivyo ni haya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Cartagena wa usalama wa viumbe hivi mwaka 2003, na shughuli zake zinasimamiwa chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Mwaka 2016 yalipandwa mahindi ya majaribio ya kustahimili ukame huko Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio. Novemba 2018 wizara ikaamuru majaribio yasimame, na Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kufutwa kwa majaribio ya namna hiyo nchini. Hakuna zao la GMO lililowahi kuruhusiwa kulimwa kibiashara nchini. Kwa hiyo mahindi ya Kasulu, muhogo wa Kakonko na maharage ya Kibondo uliyoyanunua leo hayakubandikwa ukurasa wowote. Kenya, mjadala ulitoka baraza la mawaziri ukaingia mahakamani.

Niseme na hili, kwa kuwa linanikera. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye punje zisizokauka vizuri. Mahindi yale yalikuwa ya kwetu, ya shambani, ya asili kwa kila kipimo ambacho mzee wa tikiti angekitumia. Sijawahi kusikia mtu sokoni akiuliza, "Mama, unga huu ulikaushwa vipi?" Tumefundishwa neno moja la kuogopa, la pili hatukufundishwa, na macho yanakwenda linakoelekeza neno.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa mama wa matikiti. Nikamweleza habari za baghala. Akacheka mpaka akaegemea meza.

"Kwa hiyo ni tasa tu, maskini. Na watu wananikimbia."

Kisha akanyamaza kidogo, akamwita binti yake aliyekuwa akikaanga vitumbua pembeni, akamwambia alete galoni la mafuta. "Nisomee hapa, mwanangu, macho yangu siku hizi." Nikaligeuza upande huu na ule. Palikuwa na tarehe ya mwisho ya kutumika, ujazo, picha ya ua la njano, na maneno kwamba ni mafuta safi ya mimea.

"Mmea gani?" akauliza.

Nikaligeuza tena, nikatazama hadi chini ya kitako. Nikamweleza kwamba hata kama ni soya ya GMO, mafuta yakishasafishwa kiwandani karibu hakibaki kipande cha vinasaba wala protini, hivyo kwa mlaji ni mafuta tu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa," akasema. "Lakini si wangeandika?"

Binti akalichukua galoni, akamimina kwenye kikaangio, vitumbua vikaendelea.